Gutenberg, Schöffer, Koberger au Ratdolt: uanze na mpiga chapa yupi?

Anayetaka kujua vitabu vya chapa vilianzaje Ulaya hufika mahali akakwama. Jina la kwanza analokutana nalo ni Johannes Gutenberg wa Mainz, na wengi huishia hapo. Ukiendelea kusoma kidogo, unakuta Wajerumani wengine walioshika kazi hiyohiyo katika miaka hamsini iliyofuata, na kila mmoja ana jambo ambalo mwenzake hana. Mwanafunzi mwenye insha ya kurasa kumi hawezi kuwabeba wote. Mwalimu mwenye vipindi viwili naye hawezi. Hata anayejisomea jioni baada ya kazi atafaidi zaidi akimshika mmoja na kwenda naye mpaka mwisho.

Nimesoma prufu kwa miaka mingi, na kwa hawa wanne nimekuwa nikirudi kila mara. Wote nawapenda, kwa hiyo usitegemee nikuambie yupi ni bora kuliko wenzake. Nitawapima kwa vipimo vilevile, uamuzi utakuwa wako.

Vipimo

Cha kwanza ni maisha: hati zimetuachia nini cha kusimulia? Cha pili ni kazi yenyewe, yaani ufundi uliongezeka nini ulipopita mikononi mwake. Cha tatu ni fedha, kwa sababu kitabu cha chapa hula mtaji kwa miezi na miaka kabla hakijarudisha hata senti moja, na kwenye fedha ndipo tabia ya mtu inapoonekana. Cha nne ni kitabu kimoja unachoweza kukifungua mwenyewe leo, maana maktaba kubwa zimeweka kurasa hizi mtandaoni bila malipo. Mwisho, anamfaa nani.

Johannes Gutenberg (takribani 1400–1468)

*Maisha.* Alizaliwa Mainz, kando ya Mto Rhein, katika ukoo wa Gensfleisch, watu wa tabaka la juu mjini. Hakuna picha yake iliyochorwa akiwa hai. Zile ndevu ndefu za kwenye sanamu zilibuniwa baadaye. Tunayoyajua yanatoka zaidi kwenye madeni na mashauri. Miaka ya 1430 alikuwa Strasbourg, ambako yeye na wabia wake walitengeneza vioo vidogo vya kuwauzia mahujaji wa Aachen. Hija iliyotarajiwa 1439 ikasogezwa hadi 1440. Mbia mmoja, Andreas Dritzehn, alikuwa ameshafariki, na ndugu zake wakampeleka Gutenberg mahakamani. Ushahidi wa kesi ile unataja mtambo wa kushindilia, madini ya kuyeyushwa, na siri ambayo wabia hawakutaka itoke nje. Kufikia 1448 alikuwa amerudi Mainz.

*Kazi.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu husema "aligundua mashine" na kupita. Mtambo wa skrubu ulikuwepo tayari. Watu wa bonde la Rhein walikamulia zabibu kwa mitambo ya namna hiyo. Ugumu ulikuwa kwenye herufi. Njia iliyokuja kutawala ufundi huu ni hii: fundi anachonga herufi kinyume kwenye ncha ya chuma kigumu, anaigonga kwenye kipande cha shaba ikaacha shimo lenye umbo lake, shimo hilo linafungwa chini ya kalibu ndogo ya mkononi, kisha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni inasubiwa humo. Inapoa kwa kufumba na kufumbua. Anaitoa, anasubu nyingine, zote za kimo kimoja. Biblia yake ilihitaji maumbo karibu 290, kwa kuwa aliiga hata vifupisho na herufi zilizoungana za wanakili wa mkono. Juu ya hayo ilihitajika wino wenye mafuta, unaoshika kwenye madini, tofauti na wino wa maji wa kalamu.

*Fedha.* Johann Fust, tajiri wa Mainz, alimkopesha guldeni (sarafu za dhahabu) 800 mwaka 1450, dhamana ikiwa vyombo vya kazi. Mwaka 1452 akatoa 800 nyingine kwa ajili ya "kazi ya vitabu". Mwaka 1455 Fust alidai guldeni 2,026 pamoja na riba. Hati ya mthibitishaji Ulrich Helmasperger, ya tarehe 6 Novemba 1455, inaonyesha Gutenberg hakwenda mwenyewe kusikiliza kiapo cha mdai wake, alituma watu. Kazi ya Biblia ikaangukia mikononi mwa Fust. Hata hivyo ile hadithi kwamba alikufa fukara imetiwa chumvi: mwaka 1465 askofu mkuu Adolf wa Nassau alimpa heshima ya mtu wa baraza lake, na kila mwaka nguo, nafaka na divai. Alifariki Februari 1468.

*Kitabu cha kufungua.* Biblia ya mistari 42, iliyokamilika karibu 1455. Zilipigwa nakala zipatazo 180, nyingine kwenye karatasi, nyingine kwenye ngozi ya ndama. Zimebaki 49, baadhi zikiwa pungufu. Enea Silvio Piccolomini, aliyekuja kuwa Papa Pius II, aliandika mwezi Machi 1455 kwamba maandishi yake yasomeka bila miwani. Ukiifungua, hesabu mistari. Katika baadhi ya nakala kurasa za mwanzo zina mistari 40, kisha ukurasa mmoja wa 41, halafu 42 mpaka mwisho. Unamwona fundi akibana nafasi ili kuokoa karatasi wakati kazi imeshaanza! Vichwa vyekundu navyo vilipigwa chapa kwenye kurasa chache za kwanza, kisha vikaachwa viandikwe kwa mkono. Ilikuwa kazi mara mbili, haikulipa.

*Anamfaa nani.* Anayetaka kuelewa ufundi toka chini, na anayependa kusoma mtu kupitia hati za kesi. Hatamfaa anayetaka sauti ya mhusika mwenyewe, kwani hakuna kitabu hata kimoja alichotia jina lake.

Peter Schöffer (takribani 1425–1503)

*Maisha.* Alitoka Gernsheim, mji mdogo jirani na Mainz. Mwaka 1449 alikuwa Paris akinakili vitabu kwa mkono, na jambo hilo linaeleza kila kitu utakachokiona baadaye: alijua ukurasa mzuri unavyopaswa kukaa. Akaja Mainz kwenye karakana ya Gutenberg. Kwenye hati ya Novemba 1455 jina lake limo, upande wa Fust. Baadaye akamwoa Christina, binti wa Fust. Wako wanaomwona msaliti. Mimi naona kijana fundi aliyelazimika kuchagua kati ya bwana aliyemfundisha na bwana aliyeshika karakana, ila nawe utapima.

*Kazi.* Tarehe 14 Agosti 1457 Fust na Schöffer walimaliza Zaburi ya Mainz, kitabu cha kwanza cha chapa Ulaya kutaja mwaka na majina ya waliokipiga. Wataalamu wengi wanaamini maandalizi yake yalianza Gutenberg akiwa bado yumo. Angalia herufi kubwa mwanzoni mwa zaburi ya kwanza, ile B ya *Beatus vir*. Mwili wake una rangi moja na mapambo yanayouzunguka yana nyingine, nyekundu na buluu, na mpaka kati yao ni safi kama uzi. Kipande cha madini kilitengenezwa kwa sehemu mbili zinazoingiana. Kila sehemu ilipakwa rangi yake kando, zikarudishwa pamoja, ukurasa ukapigwa mara moja. Waliopaka rangi walistahili pole. Kazi hii ilikuwa ya taratibu mno, na baada ya miaka michache waliiacha, wakaruhusu wachoraji wa mkono warudi.

Na hapa ndipo moyo wangu wa msoma prufu unaposimama. Maelezo ya mwisho wa Zaburi, yaliyopigwa kwa wino mwekundu, yanajivunia usanii mpya wa kuumba herufi bila kalamu. Neno lake la pili linapaswa kuwa *psalmorum*, "la zaburi". Limepigwa *spalmorum*. Ukurasa wenyewe wa kutangaza ustadi, mbele ya macho ya dunia nzima, na herufi mbili zimebadilishana nafasi. Kila anayefanya kazi ya vitabu anajua baridi inayopita mgongoni mtu akiliona kosa la namna hiyo baada ya kitabu kutoka.

*Fedha.* Huyu ndiye aliyeifanya kazi iwe biashara inayodumu. Fust alifia Paris mwaka 1466, Schöffer akaendelea. Karibu 1469 au 1470 alitoa karatasi moja ya tangazo yenye orodha ya vitabu vyake, ikiwaalika wanunuzi waje kwa muuzaji kwenye nyumba ya wageni. Jina la nyumba liliongezwa kwa mkono kulingana na mji. Chini kabisa mstari mmoja umepigwa kwa herufi kubwa za Zaburi: "hii ndiyo herufi ya zaburi". Kielelezo cha bidhaa, kwenye tangazo lilelile! Wakala wake alipofariki Paris, shehena ya vitabu ilikamatwa na serikali kwa kuwa ni mali ya mgeni. Mwaka 1475 Mfalme Louis XI aliamuru alipwe ekyu 2,425 kama fidia. Kutoka kwa mfalme, hilo halikuwa jambo dogo.

*Kitabu cha kufungua.* Zaburi yenyewe, ambayo nakala zake zilizobaki ni karibu kumi, zote za ngozi. Kama Kilatini kinakutisha, tafuta *Gart der Gesundheit* ya 1485, kitabu cha dawa za miti kwa Kijerumani chenye picha karibu 380. Baadhi ya mimea ilichorwa kwa kutazama mmea halisi, na tofauti na ile ya kunakili inaonekana mara moja.

*Anamfaa nani.* Mhariri, msanifu wa kurasa, mtu wa duka la vitabu. Pia anayependa swali zito la uaminifu kazini.

Anton Koberger (takribani 1440–1513)

*Maisha.* Mtoto wa Nürnberg, ukoo wa waoka mikate. Alikuwa baba wa ubatizo wa Albrecht Dürer, mchoraji mkubwa aliyezaliwa 1471 mji huohuo. Alioa mara mbili na kupata watoto 25. Nyaraka zake ni nyingi: mikataba, barua za biashara, hesabu. Kwa hiyo hutakuwa ukikisia kama kwa Gutenberg.

*Kazi.* Ukitafuta uvumbuzi wa herufi au rangi, huku si kwake. Alichokiongeza ni ukubwa na mpangilio. Johann Neudörffer wa Nürnberg, aliyeandika baadaye katika karne ya 16, anasema Koberger alikuwa na mitambo 24 na watu zaidi ya 100: wapanga herufi, wasahihishaji, wapiga chapa, wajalidi, wapaka rangi. Waliingia na kutoka kwa saa maalumu. Hiyo ilikuwa kiwanda, miaka isiyozidi 50 tangu karakana ya Gutenberg.

*Fedha.* Alikuwa na mawakala na maduka katika miji mingi, Paris, Lyon, Venice, Kraków, Buda. Kazi ikimzidi aliwapa wengine. Johann Amerbach wa Basel alimpigia Biblia kubwa yenye ufafanuzi. Kuanzia 1504 aliacha kabisa kupiga chapa mwenyewe, akabaki kuwa mchapishaji na muuzaji. Lakini hata yeye aliumia. Kitabu chake mashuhuri kabisa, *Tarihi ya Nürnberg*, kinachosimulia historia ya dunia, kiligharimiwa na Sebald Schreyer na Sebastian Kammermeister. Mkataba ulimtaka atenge chumba kinachofungwa ili kazi isiibwe. Haikusaidia sana kitabu kilipotoka: Johann Schönsperger wa Augsburg alitoa toleo dogo la bei nafuu mwaka 1496, bila ruhusa ya yeyote. Hesabu zilipofungwa 1509, zaidi ya nakala 500 zilikuwa hazijauzwa. Mwenye kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam au Nairobi, ambaye amewahi kukuta kitabu chake kikiuzwa barabarani kwa nakala za fotokopi, hatahitaji kuelezwa.

*Kitabu cha kufungua.* Ndiyo hiyo *Tarihi*, iliyoandikwa na daktari Hartmann Schedel, ikatoka kwa Kilatini Julai 1493 na kwa Kijerumani Desemba mwaka huohuo. Picha zake 1,809 zilitoka kwenye vibao vya mti 645 tu, vilivyotayarishwa na karakana ya Michael Wolgemut na Wilhelm Pleydenwurff. Maana yake kibao kimoja kilitumika tena na tena: ukutane na mfalme huyu hapa, kurasa kadhaa mbele uso uleule una jina jingine. Mji mmoja uliochongwa unasimama badala ya miji kadhaa. Ila Nürnberg yenyewe imechorwa kwa upendo, kurasa mbili nzima, na minara unayoweza kuitambua. Karibu na mwisho kuna kurasa tupu, zimeachwa kwa makusudi ili mwenye kitabu aandike yatakayotokea kabla ya Kiyama. Nilipoziona mara ya kwanza nilikaa nazo muda mrefu.

*Anamfaa nani.* Mwanafunzi wa biashara, mwalimu wa watoto wanaopenda picha, mtu anayeanzisha nyumba ya uchapishaji. Kwa anayetafuta ufundi wa herufi atachosha.

Erhard Ratdolt (takribani 1447–1528)

*Maisha.* Wa Augsburg, familia ya mafundi. Kati ya 1476 na 1486 alifanya kazi Venice, mwanzoni na wenzake wawili, Bernhard Maler na Peter Löslein, kisha akarudi kwao akapiga hasa vitabu vya ibada. Kuhusu maisha yake ya nyumbani hati ni chache kuliko za Koberger.

*Kazi.* Kalenda ya mnajimu Regiomontanus ya 1476 ina ukurasa wa jina uliopambwa, wenye mwaka, mji na majina ya wapiga chapa. Leo kila kitabu kina ukurasa huo; wakati ule kitabu kilianza moja kwa moja na maandishi, na habari hizo zilikaa mwishoni. Mwaka 1486 alitoa karatasi ya kielelezo cha herufi zake zote, 14 kwa jumla. Alipiga michoro ya kupatwa kwa jua na mwezi kwa rangi zaidi ya moja.

*Fedha.* Alikuwa na busara ya kuchagua soko ambalo wengine walilikwepa: hesabati na elimu ya nyota, vitabu vyenye michoro.

*Kitabu cha kufungua.* Euclid wa 1482, mara ya kwanza kwa *Misingi*, kitabu cha jiometri cha Mgiriki huyo wa kale, kupigwa chapa. Ratdolt mwenyewe anaeleza katika utangulizi kwamba wengine walishindwa kwa sababu ya ugumu wa michoro. Yeye aliiweka pembeni, mamia ya duara na pembetatu, kila mmoja kando ya hoja yake. Katika baadhi ya nakala maneno ya kumtunukia mtawala wa Venice yamepigwa kwa dhahabu.

Na kwetu kuna jambo la ziada. Maandishi hayo hayakutoka moja kwa moja kwenye Kigiriki. Yalipitia Kiarabu ndipo yakafika Kilatini. Njia hiyo imeacha alama: trapeza inaitwa *helmuariphe*. Mtu wa pwani aliyesoma Kiarabu ataisikia *al-munharif* ndani yake. Neno la wanazuoni wa Baghdad, likiwa na vumbi la safari, limepigwa chapa Venice na Mjerumani.

*Anamfaa nani.* Mwalimu wa hesabu, msanifu wa michoro, na anayetaka kuonyesha kwamba elimu ya Ulaya ilikula sahani moja na ya Kiarabu.

Ukibaki njia panda

Kama una wiki moja na mada yako ni "mwanzo wa uchapaji", shika Gutenberg. Nyenzo ni nyingi, na hati ya 1455 peke yake inatosha kujenga hoja. Kama unafundisha, na wanafunzi wako hawasomi lugha yoyote ya Ulaya zaidi ya Kiingereza, Koberger atakurahisishia: waonyeshe picha zinazojirudia, waache wazitafute wenyewe. Watazipata haraka kuliko wewe.

Unayefanya kazi na maandishi kila siku, ukapoteza usingizi kwa ajili ya koma, mfuate Schöffer. Unayefundisha sayansi kwenye shule yenye madrasa jirani, au unayezungumza na watu wa Zanzibar, Lamu au Muscat, Ratdolt atafungua mazungumzo ambayo wale watatu hawawezi.

Anayeandika kuhusu fedha na ubia ana chaguo gumu zaidi. Deni la Gutenberg lina machungu, hesabu za Koberger zina takwimu. Ukitaka kusimulia, chukua deni. Ukitaka kufundisha mtu kupanga bei na kuhesabu bidhaa zilizobaki, chukua hesabu.

Na kama umebakiwa na wawili, Gutenberg na Schöffer, usihangaike kuwatenganisha. Anza siku ile ya Novemba 1455, kwenye chumba cha kulia cha watawa wa Mtakatifu Fransisko pale Mainz. Fust anaapa. Kijana wa Gernsheim amesimama upande wake. Upande wa pili wako watumishi wa Gutenberg, waliokuja kusikiliza kitakachosemwa wakampelekee bwana wao habari.